Umenunua, Sasa Omba Ruhusa

Msimu wa korosho ukipamba moto, Ruangwa na Nachingwea, mkoani Lindi, hupokea wageni wa aina mbili: wanaotaka korosho na wanaotaka fedha za korosho. Hawa wa pili huja na mwavuli, meza na spika inayopasua masikio, wakinadi simu janja kwa kianzio kidogo, kinachobaki kinalipwa mdogo mdogo. Mkulima naye si mgeni wa mtandao. Tangu msimu wa 2024/2025, korosho za RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, zinauzwa kwenye minada ya kidijitali ya Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kama tani za korosho zinauzwa kwa kubofya, simu ya kioo itamshindaje?

Inamshinda siku rejesho linapochelewa. Kwa mafundi simu wa Nachingwea kisa hiki hakina upya wowote, na huanza kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hii simu, imekufa."

Fundi anabonyeza, kioo kinawaka na kuonyesha maandishi. "Haijafa, mzee. Imefungwa. Unadaiwa."

"Basi wafungue, niwalipe."

"Mpaka ulipe ndipo wanafungua."

"Nitalipaje, na pesa zenyewe zimo humo humo?"

Fundi hana jibu la kisheria, ana la kifundi. Anachomoa laini, anaitia kwenye kitochi cha mama watoto, malipo yanakwenda, na baada ya muda simu kubwa inazinduka. Kitochi chenyewe, ambacho mzee alikidharau tangu aanze kutembea na kioo mfukoni, hakidaiwi na mtu.

Haki isemwe, deni ni deni. Ufundi huu wa kuzima kitu kwa mbali ulienea Afrika Mashariki kupitia umeme wa jua wa kulipia kidogo kidogo, ambao kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza Kenya mwaka 2012, na nyumba nyingi zisizo na dhamana ya benki zilipata taa kwa njia hiyo. Anayekopa anajua kuna siku atafungiwa. Kinachochekesha, na kuudhi, ni kitu kilicholipiwa mpaka senti ya mwisho ambacho bado kinaomba ruhusa kwa mtu mwingine kabla ya kufanya kazi.

Mwulizeni mwenye kibanda umiza. Baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, televisheni peke yake iligeuka pambo. Ikahitaji king'amuzi, na king'amuzi kikahitaji kifurushi. Ruangwa wana bahati, maana timu yao ya Namungo wakicheza Uwanja wa Majaliwa mtu anaweza kwenda kwa miguu yake. Ligi ya Mabingwa wa Ulaya ndiyo yenye mitego. Mechi nyingi zinaanza saa tano usiku kwa saa zetu, na kifurushi kinakata saa sita. Timu zinakwenda mapumziko, watu wananunua karanga, na zinaporudi uwanjani kioo kina maandishi badala ya wachezaji. Televisheni ni ya mwenye kibanda, king'amuzi ni chake, benchi ni zake, hata watu waliokaa juu yake ni wateja wake. Anachokosa ni idhini ya kuwaonyesha kipindi cha pili, na hakuna mtazamaji anayekubali kwamba kiingilio chake kilikuwa cha dakika 45.

Halafu ikaja zamu ya LUKU, mita za umeme wa kulipia kabla. Kila tokeni ya umeme ina muda uliofichwa ndani yake, unaohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa ilikuwa ya dakika 16,777,216, ambazo zingekwisha tarehe 24 Novemba 2024, na baada ya hapo mita za namna hiyo, duniani kote, zisingepokea tokeni mpya. Shirika la umeme, TANESCO, likawatumia wateja safu mbili za kuboresha mita, kisha ya tatu yenye umeme wenyewe. Kila safu ina tarakimu 20. Jumla zilikuwa 60, na mara nyingi ziliingizwa gizani, kwa tochi ya simu, mjukuu akisoma na babu akibonyeza.

"Nne, saba mbili, tisa..."

"Saba mbili, au saba halafu mbili?"

"Saba mbili, babu!"

"Ndiyo nakuuliza, saba ziko ngapi?"

Mita ikalia, ikakataa. Mita ni ya shirika, lakini giza ni la mwenye nyumba.

Hata aliyenunua simu kwa fedha taslimu hakusalimika. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na waliolala na simu wakaamka na vioo vya kujitazamia. Mei 2024 ilikuwa ya pekee kwa watu wa Lindi: Kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, na wiki moja baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini zikakatika na intaneti ikazorota nchini. Aliyelipia nyimbo za mtandaoni alitazama duara likizunguka, huku jirani aliyejaziwa nyimbo kwenye memori kadi akicheza mpaka usiku. Uhalali wa nyimbo za jirani huyo una maswali, ila muziki ulilia.

Walioendelea wana vituko vikubwa zaidi. Julai 2009 kampuni ya Amazon iliingia kwenye vifaa vya Kindle vya wateja na kufuta vitabu viwili vya George Orwell walivyokwisha kuvilipia, kimojawapo kikiwa *Animal Farm*. Kitabu hicho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili kama *Shamba la Wanyama*, na nakala ya karatasi iliyomo kwenye kabati la mwalimu Nachingwea haina adui zaidi ya mchwa na mwanafunzi asiyerudisha. Tarehe 20 Oktoba 2025 mitambo ya Amazon nchini Marekani ilipopata hitilafu, wenye vitanda janja vya Eight Sleep walijikuta juu ya magodoro yanayopata joto bila kusikia amri, na vingine vikabaki vimeinama. Kitanda cha kamba, teremka tukaze, hulegea, lakini hakijawahi kusubiri seva.

California ilitunga sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mteja waziwazi pale anapouziwa leseni ya kutumia tu. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji. Tume ya Ushindani ingefanya vyema kuanzia kwenye boksi la kila kifaa kinachotegemea mtandao: liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, kifaa kinafanya nini bando likiisha, nani anaweza kukizima, na kitakuwaje kampuni ikifunga milango. Mnunuzi asome kwanza, ndipo atoe kianzio.