Mizinga Kumi na Moja ya Bure

Huku Murungu, wilayani Kibondo, mtu akishaonekana na laptopu begani basi amekuwa fundi wa kila chenye waya. Nimeletewa redio, king'amuzi, betri ya sola iliyovimba tumbo, hata pasi ya mkaa. Pasi ya mkaa haina waya, lakini mwenye nayo alisema nijaribu tu. Kwa hiyo katibu wa kikundi cha wafuga nyuki aliponijia na furushi la karatasi ndani ya kitenge, nilijua shughuli imefika.

"Mwakeye, mwalimu," alisema, tukasalimiana kwa urefu unaostahili kwa Waha wa huku: makofi, habari za nyumbani, za shamba, za mvua, za wale waliosafiri na za wale waliokataa kusafiri. Ndipo akafungua kitenge. "Mdogo wangu, kompyuta imetuchafulia kikundi."

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja kutoka mjini alikuwa amewatengenezea programu ya kutunza orodha ya wanachama na kuwatumia meseji. Aliionyesha ikifanya kazi, akapigiwa makofi, akala kuku, akafungiwa asali, akapanda basi. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani.

Kabla sijaendelea, ni lazima nieleze kompyuta inavyosoma daftari, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Mstari unaosema jina la mtu, namba yake ya simu, kijiji, idadi ya mizinga na mchango wake, kwetu ni habari tano. Kwa kompyuta ni mfuatano mmoja wa herufi, hauna kichwa wala miguu. Lazima ukatwe vipande, na vipande hivyo wenyewe huviita tokeni. Karibu kila lugha ya programu ina maktaba yenye amri ya kukatia. Katika Python inaitwa split: unaionyesha kitenganishi, tuseme mkato au nafasi tupu, nayo inakata kila inapokiona. Haiulizi swali. Kijana wetu alichagua mkato.

Sasa, mchango wa mwaka ulikuwa shilingi 25,000. Hebu iangalie tena hiyo namba. Ina mkato katikati. Programu ikakata pale pale, ikaandika 25 kwenye safu ya mchango, na zile sifuri tatu ikazitupa kwa kukosa pa kuziweka. Kikundi kizima kikaonekana kimechanga shilingi 25 kila mtu, bei ambayo hata pipi huipati. Mweka hazina, mzee anayeheshimika hadi msikitini na kanisani, alilala akiwa mwizi kwa mujibu wa kompyuta.

Ila kulikuwa na mzee mmoja ambaye mstari wake ulipita ukaguzi wa programu, ule wa kuhesabu vipande vitano, bila doa. Huyu hana simu, na sehemu ya simu iliachwa tupu kati ya mikato miwili. Hapo nikajua kijana alitumia kitu chenye tabia za strtok, amri ya siku nyingi katika maktaba ya lugha ya C. Hiyo ikikuta vitenganishi viwili vimefuatana huvimeza kama kimoja, na sehemu iliyoachwa tupu inapotea. Kwa hiyo kila kitu cha mzee kilisogea hatua moja kushoto. Safu ya simu ikasema "Murungu". Kijiji chake kikawa 14, ambayo ndiyo idadi ya mizinga yake. Mizinga ikawa 25, na mchango ukawa 000. Tokeni moja ilimezwa, nyingine ikazalishwa na ule mkato wa elfu ishirini na tano, hesabu ikarudi tano kamili, na programu ikampongeza kwa kumtia alama ya kijani. Alikuwa mwanachama pekee mwenye alama ya kijani.

Tulimfuata kumweleza. Alisikiliza kwa utulivu, kofia mkononi.

"Kwa hiyo kompyuta inasema nina mizinga ishirini na tano?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi iacheni hivyo hivyo."

"Lakini mzee, inasema pia hujachanga hata senti."

"Hapo," alisema, "ndipo ilipokosea."

Hiyo strtok ina tabia nyingine mbaya zaidi. Haikati nakala, inakata mfuatano wenyewe, na mahali pa kitenganishi kinachofunga kila kipande inachomeka alama ya mwisho, hivyo ukimaliza kukata, mstari wako wa asili haupo tena. Nilimweleza mweka hazina, akatikisa kichwa. "Huyo ni fundi cherehani uliyempelekea suruali ya kupimia, akaikata ile ile." Sijawahi kuona maelezo bora kuliko hayo kwenye kitabu chochote cha C.

Majina nayo yalikuwa na msiba wake. Programu ilikata jina kwenye nafasi tupu, ikachukua kipande cha kwanza kuwa jina la kumwitia mtu. Katibu, kwa adabu aliyolelewa nayo, alikuwa ameandika watu kwa heshima zao. Matokeo yake meseji zikaenda: "Habari Mama", "Habari Mzee", "Habari Mchungaji". Hizo hazikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye kipande cha mwisho, kilichochukuliwa kuwa jina la ukoo na kutumika kupanga kaya. Kwetu jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Chukua baba anayeitwa Yohana Petro Daudi, na mwanawe Elia Yohana Petro. Baba ni Daudi, mtoto ni Petro, kwa hiyo kompyuta ikaamua hawajuani. Wajukuu wote wa mzee Petro wakawekwa kaya moja bila mzazi hata mmoja, na baba zao wakawekwa kaya ya pili, wametulia, bila watoto. Kuna akina mama waliosema mpango huo si mbaya.

Ingepelekwa kambi ya Nduta ya wilayani humu humu, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa wakimbizi wa Burundi, programu ingezimia kabisa. Kwa Warundi, ndugu wa tumbo moja mara nyingi kila mmoja ana jina lake na hakuna la ukoo wanalochangia. Mwaka 2010 Patrick McKenzie, mtengenezaji programu Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani, aliandika orodha ndefu ya mambo ya uongo ambayo wenzake wanayaamini kuhusu majina ya watu. Kijana wetu aliyaamini karibu yote. Hata serikali hukata: mwaka 2012 wilaya ya Kakonko ilitolewa Kibondo, na ya Buhigwe ikatolewa Kasulu. Lakini angalau ilichora mpaka kwanza.

Nikadhani yameisha, kumbe mifugo ilikuwa inasubiri. Ripoti iliyokwenda kwa afisa mifugo ilionyesha kwamba wanachama wanafuga mbuzi, kuku, "ng" na "ombe". Amri ya kukatia maneno ilikuwa imehesabu ritifaa kuwa si herufi, ikamchinja ng'ombe shingoni. Mbuzi walipita salama.

Na hiyo ritifaa ina ndugu yake aliyepinda, ambaye ndiye aliyetufilisi. Meseji ya kawaida ya simu ina nafasi ya herufi 160. Kiasi hicho kilitoka kwa Mjerumani Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 alichapa sentensi za kawaida kwenye mashine, akahesabu, akaona 160 zinatosha binadamu. Ni wazi hakuwahi kusalimiana na Mha. Ritifaa iliyonyooka imo katika herufi za meseji. Iliyopinda, ile ambayo simu na programu za kuandikia hukubadilishia zenyewe ili maandishi yapendeze, haimo. Ukiingiza moja tu, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi herufi 70, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya 67. Tangazo la chanjo ya ng'ombe, herufi kama 150 hivi pamoja na salamu fupi, likawa meseji tatu kwa kila mwanachama. Tangazo la mbuzi, urefu ule ule, lilikuwa meseji moja. Katibu alinitazama kwa muda. "Yaani tumelipa mara tatu kwa sababu ya kinukta?"

Mpwa wangu anayesoma chuo alishauri tuachane na vyote hivi, tutumie akili mnemba. Sawa, lakini nayo hukata. Mbinu yake moja kubwa ilichapishwa na Philip Gage mwaka 1994 kwa ajili ya kubana data: tafuta jozi ya alama inayojirudia zaidi, iunganishe, kisha rudia. Mwaka 2016 watafiti wa Edinburgh waliigeuza iwe ya kukatia maneno katika tafsiri. Inafanya kazi vizuri, ila imejifunza zaidi kwenye maandishi ya Kiingereza, hivyo Kiingereza hutoka kwa mapande makubwa nacho Kiswahili husagwa vidogo vidogo. "Hawajatulipa" lina ndani yake watu, ukanushi, wakati, sisi na deni. Likisagwa linahesabiwa vipande vingi, na kampuni nyingi hutoza kwa kipande. Mwenye kisu haonekani kwenye risiti. Anayeonekana ni mweka hazina wa Murungu.

Kwa hiyo nina ombi kwa kijana yeyote anayetengeneza programu ya kikundi, ya SACCOS au ya shule. Jina lipewe kisanduku kimoja, kirefu, na mwenye jina alijaze atakavyo. Fedha ziandikwe bila mkato. Asiye na simu aachiwe nafasi yake wazi, kijiji kisiingie humo. Na ng'ombe aandikwe kwa ritifaa iliyonyooka, maana iliyopinda inalipiwa.