Mkeka Usiochanika

Katika mambo ambayo wazee wetu walituhusia kuyachagua kwa hadhari, yaani jirani kabla ya nyumba na rafiki kabla ya safari, hakuna aliyewahi kututajia mahali pa kutazamia mpira wa kikapu. Na mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Chikongola mjini Mtwara, mwenye kanzu tatu na heshima yangu ndogo ya mtaa, niliingia katika uchaguzi huo bila wosia wala mwongozo, nikatoka na fedheha iliyogeuka sifa, na sifa yenyewe imenielemea kuliko fedheha.

Asili ya maradhi haya ni kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, mwenye kimo cha futi 7 na inchi 3, aliyekwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Connecticut huko Marekani na, usiku wa kuamkia tarehe 5 Aprili 2009 kwa saa zetu, akacheza nusu fainali ya mashindano ya vyuo mjini Detroit. Usiku ule nilikesha bure, kwani sikupata pa kuutazama mchezo, nikaletewa habari mchana kwamba Michigan State wameshinda kwa pointi 82 dhidi ya 73. Mwezi Juni mwaka ule ule alichaguliwa wa pili miongoni mwa wachezaji wapya wa NBA, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Na ingawa miaka iliyofuata haikumpa yote tuliyomtarajia, mimi nilibaki na Connecticut kama mtu aliyeoa katika ukoo, mke akaenda zake, lakini wakwe bado anawaamkia.

Basi chuo hicho kilipofika fainali ya mwaka 2024 dhidi ya Purdue, niliapa kwamba safari hii sitaletewa habari. Mashindano hayo huanza na timu 68, na anayefungwa mara moja hufunga mizigo yake. Wamarekani wenyewe huyaita Wazimu wa Machi, nayo, kama ilivyo desturi ya wazimu, hayaishi katika mwezi wake bali hujikokota mpaka Aprili. Nilipomweleza mama watoto jina hilo, aliendelea kupepeta mchele, kisha akasema, "Angalau wenzako wanajua ugonjwa wao unaitwaje."

Shida ilikuwa saa. Mchezo ulikuwa uchezwe Glendale, katika jimbo la Arizona, jioni ya tarehe 8 Aprili, wakati ambapo huko jua linaelekea kuchwa. Na kwetu, kwa hesabu niliyowafundisha watoto wa watu miaka thelathini, ikawa ni saa kumi na dakika ishirini, usiku wa kuamkia tarehe 9, tena katika kumi la mwisho la mwezi mtukufu wa Ramadhani. Wazee wenzangu walikuwa katika itikafu wakiutafuta usiku ulio bora kuliko miezi elfu. Mimi nilikuwa natafuta runinga.

Ya nyumbani haikufaa, kwa maana king'amuzi chetu kilikuwa kimekwisha malipo, na fedha ya kukilipia ilikuwa imekwisha kuwa vitambaa vya Idi. Hoteli za Shangani, upande wa bahari, zina runinga pana kama milango ya ghala la korosho, lakini niliyoiendea ilitundikwa juu ya chupa, na mtu hawezi kuitazama moja bila kuonekana anazitazama nyingine. Mwenye kibanda umiza cha Magomeni, ambamo watu hubanana mbavu kila mwisho wa juma kwa ajili ya kandanda, alinisikiliza kwa adabu hata mwisho, kisha akauliza kama Simba na Yanga nao wamo. Nilipomwambia hawamo, akaniombea dua njema. Kasino hasa, zile za mazulia na taa za rangi, nilizozijua ziko Dar es Salaam, mwendo wa kilomita mia tano na ushei, ambako nauli peke yake ingeniliza hasara ya kamari kabla sijaicheza.

Hapo ndipo mpwa wangu alipokuja na shauri lake. Kwetu kusini mjomba ni mtu mkubwa, na kijana yule hunisalimu shikamoo hata akiwa juu ya pikipiki inayokimbia. Alisema liko duka moja la kubeti, si mbali, lenye runinga nne, ambalo kijana wa zamu ameridhia kulikesha. "Lakini Mjomba," akaongeza, "sharti lao ni moja. Hawataki watu wa kukaa bure. Kila anayeingia awe na mkeka wake."

Niliona ni sharti la busara kabisa, maana viti vya mahali kama pale haviwezi kuwatosha watu wote.

Kwa hiyo, saa kumi kasorobo za usiku, huku nyumba nyingine zikigonga sufuria za daku, nilitoka nyumbani kwa kunyata, mkononi nina chupa ya uji na tende saba, kwapani nimekumbatia mkeka wa miyaa aliousuka mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, kule Msimbati, karibu na pale mto Ruvuma unapojimwaga baharini. Mlangoni pa duka palibandikwa tangazo la kuwakataza walio chini ya miaka 18. Halikusema neno juu ya waliozidi sitini na tano, nikaona nimeruhusiwa.

"Mzee, una mkeka?" akauliza kijana wa zamu, nyuma ya nondo zake.

"Huu hapa," nikasema, nikaukung'uta na kuutandaza katikati ya sakafu, na kwa kuwa niliona watu wamenyamaza, nikadhani wanaustaajabia ufundi wa Msimbati, nikawakaribisha wakae.

Kicheko kilichofuata sijapata kukisikia tangu siku niliyowaambia Kidato cha Pili kwamba suruali yangu haikupasuka. Mpwa wangu, machozi yakimtoka, akanieleza kinagaubaga kwamba mkeka katika lugha yao ni kile kikaratasi kinachoandikwa timu ulizozibashiri. Ukishinda, mkeka umetiki. Ukishindwa, mkeka umechanika. Mimi niliyewasahihisha watu ngeli na viambishi maisha yangu yote nilikaa juu ya nomino yangu, nikamimina uji. Kijana wa zamu, kwa huruma au kwa burudani aliyoipata, akasema niachwe.

Kipindi cha kwanza nilikifaidi. Purdue walikuwa na jitu lao, Zach Edey wa Kanada, futi 7 na inchi 4, na vijana karibu wote walikuwa wameweka fedha zao juu yake. "Mjomba, mtu kama yule nani atamzuia?" akaniuliza mpwa wangu. Nikamjibu kwamba hakuna haja ya kumzuia. Mwache afunge, uwazuie wenzake wanne, kwa sababu mwaka 2009 nilijifunza kwa uchungu kwamba mnazi mmoja, uwe mrefu namna gani, haufanyi shamba. Walicheka tena. Mapumziko yalipofika, Connecticut walikuwa na 36, Purdue 30, na kabla sijapata wasaa wa kutamba, adhana ya alfajiri ikasikika.

Wote wakanyanyua chupa za maji kwa funda la mwisho. Kisha ukaingia ukimya wa aina nyingine, wa watu ambao wamefunga, ambao wanaijua Sala, na ambao hawangethubutu kuingia msikitini wakitokea pale walipo. Walitazama sakafu, na juu ya sakafu kulikuwa na mkeka.

Tukautandika barazani, kuelekea kaskazini. Waliokosa nafasi wakapanga safu juu ya maboksi, na kwa umri wangu nikasukumwa mbele kuwa imamu. Nakiri hapa jambo ambalo sijalikiri kwingine: kipindi cha pili kilikuwa kinaanza. Nilichagua sura ya Kauthar, ambayo hakuna iliyo fupi kuliko hiyo, lakini katika rakaa ya pili wale makafiri wa ndani, yaani runinga nne, walipiga ukelele, moyo wangu ukaruka mpaka Glendale, na uliporudi haukujua tuko rakaa ya ngapi. Ikanilazimu sijda ya kusahau, na Sala niliyoikusudia kuifupisha ikawa ndefu kuliko ya msikitini.

Tulikuwa bado tumeketi, chini ya bango la mamilioni ya shilingi, wakati watu wa msikitini walipopita wakirudi makwao. Shehe wetu wa mtaa alisimama, akaitazama ile safu ya vijana kumi na wanne, akanitazama mimi, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mwalimu," akasema, na sauti ikamkwama, "sisi tunawangoja msikitini. Wewe umewafuata waliko."

Mtu mwadilifu angesema kweli. Mimi nilisema, "Tunajitahidi, Shehe." Basi akanisindikiza hadi nyumbani kwangu, mkono katika mkono, hatua kwa hatua, akinieleza fadhila za kumi la mwisho, ilhali nyuma yetu kelele za dukani zikipungua kama ngoma ya kijiji cha mbali. Sikuona hata dakika moja ya kipindi cha pili. Habari nililetewa, kama mwaka 2009: Connecticut 75, Purdue 60, jitu lilifunga pointi 37 peke yake, na wenzake ndio waliozuiwa. "Mjomba," mpwa wangu akasema, "mikeka yote imechanika."

Siku ya Idi, tarehe 10, Shehe alinitaja mbele ya umma kuwa mfano, akaniomba niwape vijana mawaidha juu ya madhara ya kamari. Niliyatoa, tena kwa ufasaha, na vijana kumi na wanne walinisikiliza kutoka safu ya nyuma kwa nyuso za watu wanaojizuia sana.

Mama watoto hakusema kitu mpaka siku ya tatu, alipouliza mkeka wa mama yake uko wapi. Nilikuwa nimeusahau kulekule. Nikaenda kuufuata wakati wa adhuhuri, nikaukuta barazani umetandikwa, ndara zimepangwa ukingoni mwake, na watu wanne wakiwa rukuu. Nikasimama kidogo, nikarudi mikono mitupu.

"Nimeuweka wakfu," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwa vijana."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama anayehesabu rakaa, kisha akarudi kwenye mchele wake.