Kuku Wanne Wenye Mikia

Mfugaji wa Kawempe mwenye kuku 50 wa mayai ameiandikia safu hii akilalamika kwamba gunia la chakula la kilo 70, ambalo kwa hesabu yake lilipaswa kufika siku ya 12, huisha siku ya 11, na kwamba kwa sababu hiyo amekwisha kumfukuza kazi kijana wa bandani. Kabla hajaajiri mwingine, anashauriwa kurudia hesabu. Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku, na panya wa paa, yaani yule mweusi mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili chake, akikadiriwa gramu 25, basi panya 20 wanaolala darini humaliza nusu kilo kila usiku, ambayo ni posho ya kuku wanne. Kwa hiyo mfugaji huyo analisha kuku 54, wanne kati yao wakiwa na mikia na hawajapata kutaga. Kijana wa watu arudishwe, na siku zake alipwe.

Mfugaji huyohuyo anataka kujua kwa nini panya wamemwandama yeye. Jibu limo katika kilishio, chombo wanamolia kuku, ambacho yeye mwenyewe anakiri kwamba hukijaza kila jioni ili kuku wasilale njaa. Kuku haoni gizani, wala gizani hali. Jua likishazama, ambalo Kampala huzama karibu saa 1 jioni mwezi wowote kwa kuwa mji uko jirani na ikweta, kilichomo kilishioni huwa ni karamu ya wageni. Basi kilishio kiondolewe kuku wakishatulia, mukene, yaani dagaa wa ziwani, aliyemwagika juu ya makapi ya kahawa yaliyotandikwa sakafuni aondolewe, na chakula kihifadhiwe katika pipa la chuma lenye kifuniko kinachobana, kwa maana meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote na hupunguzwa kwa kutafuna, hata ndoo ya plastiki kwake ikawa mswaki tu. Asiye na pipa aweke gunia juu ya chaga, yaani jukwaa la mbao, mbali na ukuta, ingawa hiyo ni nusu ya dawa, kwani panya wa paa hupanda popote.

Mama wa Bwaise alinunua sumu isiyo na lebo kwa mchuuzi mwenye kipaza sauti, na sasa paka amekufa ilhali panya wananenepa. Jambo hilo si uchawi. Panya hawezi kutapika, kwa hiyo kinga yake ni woga: kitu kigeni hukionja kidogo, akangoja. Paka hana elimu hiyo. Humla panya aliyelewa sumu, na kuku naye huweza kuudonoa mzoga. Mtego ufaao hutegwa kando ya ukuta, ukiwa na chambo cha mukene, lakini uachwe siku chache bila kufyatuka mpaka panya auzoee. Mzee wa Makindye anayependekeza nyoka badala ya paka anakumbushwa kwamba nyoka naye hupenda mayai.

Mwalimu mmoja anayeishi karibu na mfereji wa Nakivubo ameandika kwamba hana wasiwasi, kwa kuwa panya wengi hawachimbi shimo. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu. Panya wa mfereji, yule mnene wa kahawia, huchimba, tena kwa ujirani, na shimo lake huwa na milango kadhaa. Mwalimu azibe nyufa kwa saruji na madirisha ya banda kwa wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, kwa sababu wavu wa kawaida humzuia kuku kutoka bila kumzuia panya kuingia.

Wasomaji wanaombwa kuacha kuambatanisha panya na barua zao, maelezo yanatosha.