Malaika Wanajua Kiswahili

Katika majlisi za Muscat ipo desturi moja ya Waomani wenye asili ya Zanzibar inayostahili kuchunguzwa na wanazuoni. Halwa imefunuliwa, kahawa inamiminwa, mazungumzo ni Kiarabu kitupu. Akiguswa asiyekuwapo, ndimi huhamia Kiswahili, na hazirudi mpaka finjani zitikiswe kuashiria kwamba kahawa imetosha. Jirani asiyejua lugha haambulii neno, hilo ni kweli. Ila desturi hii yadhani kwamba hata wale malaika wawili wa kulia na kushoto, waandishi wa matendo ya mtu, waliotajwa katika Sura Qaf, huweka kalamu chini wakisubiri mkalimani. Mchoraji wa nakala ya 1280 ya kitabu cha al-Qazwini kuhusu maajabu ya viumbe aliwachora wakiandika, na mkalimani hamo.

Watetezi watasema jina halikutajwa, ni fumbo tu, na fumbo mfumbie mjinga. Lakini mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki 1111, alikwishafunga mlango huo: kwake hata ishara ya jicho au mkono ni kusengenya. Wengine watadai kwamba Kiswahili ni urithi, kisipotumika kitakufa. Sawa, mbona basi sifa za mtu husemwa kwa Kiarabu, na aibu zake kwa lugha ya urithi? Kikitunzwa hivyo, mhifadhi wake mkuu atakuwa malaika wa kushoto, na maktaba yake hufunguliwa siku moja tu.