Nalisifu Gari Linalosumbua

Gari likikaa mwaka mzima bila kudai chochote, mwenyewe hulisahau. Hajui oili yake ina rangi gani, hajui plagi zimekaa upande upi, na siku likimzimikia njiani kati ya Maganzo na Mhunze, hapa Kishapu, hufungua boneti akabaki kuduwaa. Ndiyo maana nasimama leo kulisifu gari linalosumbua, na kati ya yote yanayosumbua sijaona la kulishinda Datsun 240Z.

Kwa wasiolijua, hili ni gari la spoti la Kijapani, milango miwili, viti viwili, boneti refu, lililoanza kutengenezwa mwaka 1969. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake ni cc 2,393, nayo hulishwa na kabureta mbili. Anayelimiliki hana budi kupima tapeti, kusafisha platini, kusawazisha kabureta, kupiga grisi, na kukagua kutu kwenye sakafu na chini ya betri. Ukimaliza kazi ya mwisho, ile ya kwanza imeshaiva tena. Watu huliita gari la usumbufu, nami nakubaliana nao. Ninachokisifu ni usumbufu wenyewe.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba halifichi maradhi. Magari ya leo huweka siri zao kwenye kompyuta, na fundi asiye na mashine ya kuzisoma huwa hana la kusema. Hili halina kompyuta. Petroli ikizidi, plagi hutoka nyeusi tii, imejaa masizi. Ikipungua, hutoka nyeupe. Ikiwa ya kutosha, hutoka na rangi ya kahawia iliyofifia. Platini zikilika, gari hupiga misi na kukosa nguvu mlimani. Tapeti zikilia kupita kiasi, ujue nafasi imepanuka. Zikinyamaza kabisa, jihadhari zaidi, kwa sababu valvu isiyofunga barabara huungua. Mwenye gari akishazijua dalili hizi, fundi hawezi kumdanganya.

Tazama kazi ya kabureta peke yake. Fundi huwasha injini, akaiacha ipate moto hadi ishike sailensa. Kisha huchukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni na nyingine akaielekeza kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Husikiliza hewa inavyovutwa, akahamia ya nyuma, akalinganisha. Inayovuta kwa nguvu zaidi huipunguza kwa skrubu, kidogo kidogo, mpaka zote mbili zitoe sauti moja. Baada ya hapo huinua kidogo pistoni iliyomo ndani ya kabureta. Injini ikipandisha mlio na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli haitoshi. Ikipandisha kidogo tu kisha ikatulia, hapo ndipo panapotakiwa. Nguvu za gari zima zinategemea sikio na vidole vya mtu, na mtu huyo anaweza kuwa kijana aliyeishia darasa la saba.

Kishapu nayo huongeza masharti yake. Wilaya hii iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Kabureta zilizosawazishwa Dar es Salaam zikifika hapa hutoa petroli nyingi kuliko inavyohitajika, plagi zikaanza kushika masizi, na kazi ikabidi irudiwe upya. Kiangazi huleta vumbi, na vumbi likipenya chujio la hewa hula ringi na kuta za silinda. Masika huja na tope la mbuga, ule udongo mweusi unaootesha pamba yetu. Hunata kwenye madgadi, hukaa na unyevu siku nyingi, na chini yake bati huanza kuoza bila mtu kuona. Kwa hiyo huku Usukumani gari hili hulazimisha kuoshwa kwa chini kila baada ya safari ya mvua, na kufunguliwa chujio mapema kuliko kitabu kinavyosema. Anayelitunza hujifunza hewa, udongo na majira ya mahali anapoishi. Wapo watu waliozaliwa hapa wasiowahi kujiuliza kwa nini injini ipumue kwa shida zaidi Maganzo kuliko Tanga.

Tena gari hili lina haki ya kudai heshima Afrika Mashariki, kwa kuwa ni hapa lilipojipatia jina. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za vumbi na tope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliyashinda kwa Datsun 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta kwa gari la aina hiyo hiyo. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, ambaye familia yake ilifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 ikahamia Kenya. Mwaka 1973, akiwa na Lofty Drews, alirudi na 240Z na kushinda. Yeye na Harry Källström, aliyeendesha Datsun nyingine, walimaliza wakiwa na alama sawa, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baada ya hapo alishinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Watu hukumbuka madereva, na ni haki. Lakini Safari yalikuwa vilevile mashindano ya mafundi. Magari yalivunjika shokapu, yakapinda eksozi, yakajaa tope kwenye rejeta, na kando ya njia walikuwepo watu waliojua kubadilisha kifaa haraka huku dakika zikihesabiwa. Gari lisiloweza kufunguliwa na kufungwa na watu wenye spana za kawaida lisingefika mwisho. Usumbufu tunaoulalamikia leo ni upande wa pili wa sifa iliyoleta ushindi: kila kitu kinafikika, kinafunguka, kinarudishika.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Gari hili linafundisha. Mpe kijana kazi ya kupima tapeti. Atafungua kifuniko cha juu, atakuta valvu 12 zimepangana chini ya kemshafti moja. Utamwambia kwamba injini ikiwa ya moto, za kuingiza hupimwa milimita 0.25 na za kutoa milimita 0.30. Ataingiza fila geji, ataisikia ikipita kwa ukinzani kidogo, atalegeza nati, atageuza, atakaza, atapima tena kwa sababu kukaza kumehamisha kipimo. Utamfundisha mpangilio wa kuwaka, 1-5-3-6-2-4, naye ataurudia kwa sauti mpaka aujue. Akishuka hapo amekwisha kuelewa jinsi injini ya petroli inavyovuta, inavyobana, inavyowaka na inavyotoa moshi. Maarifa hayo hayabaki kwenye Datsun. Pampu ya wachimbaji wadogo wa almasi karibu na Mwadui ina valvu. Injini ya dizeli inayozungusha karasha la kusagia mawe ya dhahabu kule Geita ina valvu, ina ringi, ina chujio linaloziba kwa vumbi. Fundi aliyezoea kusikiliza 240Z ataisikia injini ya karasha ikilalamika kabla haijakata na kusimamisha kazi ya watu wengi.

Gharama zipo, na sitaki kuzipunguza kwa maneno. Spea za gari hili hazikai dukani Shinyanga mjini. Gasketi hutafutwa mbali, na bushi nyingine hubidi zichongwe kwa fundi wa lathi. Petroli linakunywa. Muda linakula. Mwenye familia na kipato kidogo asilinunue kwa ajili ya kupeleka watoto shule. Kwa kazi hiyo pikipiki au gari dogo la kawaida linafaa zaidi. Lakini fedha inayotoka kwa ajili ya 240Z hutembea kwa watu tunaowafahamu: mchongaji, mnyoosha bodi, mpiga rangi, mshonaji wa viti, kijana anayeosha vifaa kwa mafuta ya taa. Kila mmoja hubaki na ujuzi baada ya kupokea ujira wake. Kifaa cha kisasa kikiharibika hung'olewa kizima na kutupwa, na fundi hubaki na ujuzi ule ule aliokuja nao asubuhi.

Kwa hiyo sitaki gari hili lirekebishwe hadi liache kusumbua. Wapo wanaoondoa kabureta na platini na kuweka mifumo ya elektroniki ili wasiguse tena boneti. Mali ni yao, na sababu wanazo. Mimi nawaomba wengine waziache kabureta na platini zao zilivyo. Na yeyote katika mkoa huu aliyefungia gari kuukuu la namna hii bandani kwa kuchoshwa na matengenezo, alitoe. Alipeleke gereji, amwambie fundi asifanye kazi peke yake, na gharama ya kijana mmoja wa kujifunza ailipe yeye mwenye gari. Itaongeza siku chache kwenye matengenezo, na Kishapu itapata fundi.