Heko kwa Ukoko wa Injini

Inua boneti ya Peugeot 504 iliyochapa kazi miaka mingi kati ya Mombasa na Malaba, utakuta kitu ambacho hakijawahi kutungiwa utenzi: ukoko mweusi wa oili na vumbi, ulioshika kuanzia kifuniko cha valvu hadi chini kabisa kwenye kata ya oili. Wapenzi wa magari ya kale huuita uchafu. Huununulia brashi, mafuta ya taa na sabuni, na Jumamosi nzima huisha wakiupiga vita. Wanamvunjia heshima mzee.

Kwa nasaba hauna doa, ingawa wenyewe ndio doa. Baba yake ni oili ya injini, inayopenya taratibu kwenye gaskiti ya koki iliyokaushwa na joto. Mama yake ni vumbi, na vumbi lina kwao: jekundu la Voi halifanani na lile laini la Suswa. Joto la injini likawafungisha ndoa, likawapika pamoja hadi wakagandamana kama wali chini ya sufuria. Injini za zamani zilijaliwa uzazi huo kwa wingi. Nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipumulia mvuke wa oili nje, kupitia bomba lililoelekezwa barabarani, na sehemu ya mvuke huo ikakaa njiani. Ni California ndiko walikoanza kulazimisha mvuke urudishwe ndani ya injini ukachomwe, mwanzoni mwa miaka hiyo, kwa sababu hewa ya Los Angeles ilikuwa haivutiki. Ukoko haukualikwa kwenye kikao.

Tazama sasa utumishi wake. Chuma kilichofunikwa kwa oili hakiguswi na maji wala hewa, basi kutu haipati pa kuanzia. Wenye magari wengi wa pwani wanalijua hilo, ndiyo maana hupaka oili chafu chini ya chesisi, maana Mombasa na Dar es Salaam upepo wa chumvi hula bati usiku na mchana. Ukoko huifanya kazi hiyo bila kupakwa na bila kulipwa. Fundi akichukua bisibisi na kukwangua ubavuni mwa bloku, akitafuta namba ya injini, kipande kinabanduka kizima na kudondoka sakafuni. Chini yake tarakimu zinasomeka kana kwamba zimegongwa juzi, na rangi ya kiwandani ipo. Sentimita chache pembeni, pale mmiliki alipopenda kusugua hadi chuma kimete, pana kutu.

Tena ni shahidi asiyenunulika. Ukiwa mbichi na mnyevunyevu, unaonyesha gaskiti iliyochoka wiki hii. Ukiwa mkavu na mgumu, unasimulia uvujaji wa zamani ambao pengine ulishatibiwa. Mnunuzi mzoefu akifunguliwa boneti ya gari la mwaka 1972 na kukuta injini inang'aa, hafurahi. Anauliza imeoshwa lini. Akiambiwa "jana tu, bosi", anaomba gari liendeshwe saa nzima kwanza, kisha anainama tena kuona kama shahidi ameanza kurudi.

Adui wake mkubwa yuko Nairobi. Tangu mwaka 1970 yamekuwapo mashindano ya Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Huko majaji huchungulia hadi ndani ya boneti, na ukoko ni hasara ya alama. Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo ilijipatia sifa ya magari kwa tope. Safari Rally ya mwaka 1963 ilimalizwa na magari 7 tu, mbele ikiwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena, na wawili haohao wakashinda kwa 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa gari la aina hiyo. Hakuna aliyeambiwa akaoshe injini kwanza ndipo apewe kombe.

Na ukoko ukidhulumiwa hulipiza. Mtu analeta mashine ya presha, anaifyatulia injini ya watu maji bila kufunika distributa wala koili kwa mfuko wa plastiki, halafu anawasha. Stata inazunguka, gari kimya. Itabidi kifuniko cha distributa kifunguliwe, kipanguswe ndani kwa kitambaa kikavu, platini zikaguliwe, huku waya wenye ganda lililopasuka kwa uzee ukiendelea kunywa maji. Aliyemwagia maji baridi injini ikiwa bado moto anaweza kubaki na manifoldi ya ekzosi iliyopasuka. Kisha ile sili iliyokuwa imezibwa na ukoko inaanza kudondosha oili sakafuni, tone baada ya tone, na mwenye gari anasema usafi umemharibia gari.

Wapinzani wana hoja mbili ambazo sifa hizi haziwezi kuzimeza. Ya kwanza ni moto: oili iliyorundikana karibu na ekzosi, pamoja na waya uliochubuka, inaweza kuwaka, na hapo mzee anaonyesha ushujaa ambao hakuna anayeuhitaji. Ya pili ni Volkswagen Beetle. Injini yake haina rejeta. Hupozwa kwa hewa inayopita kwenye mapezi ya silinda, na mapezi yakizibwa na oili na vumbi, joto halina pa kutokea. Hata msifiaji mkaidi atashika brashi hapo. Injini ikiwa imepoa na betri imefunguliwa, atasugua kwa mafuta ya taa, petroli ikae mbali kabisa, ataosha taratibu na kuacha pakauke. Akihamia kwenye 504 ya jirani, atasafisha karibu na ekzosi na kwenye waya, ajifanye hajauona ubavu wa bloku.