Sifa za Kulewa Bahari

Wanaotangaza meli za kitalii wamekwisha kusifu kila kilichomo ndani yake: mabwawa ya kuogelea, bufee isiyofungwa mlango, muziki wa usiku kucha, machweo, hata taulo zinazokunjwa kwa umbo la tembo na kuwekwa kitandani. Kimoja tu hawakitaji, na hicho ndicho pekee ambacho hakikupakiwa bandarini. Ni ule ulevi usio na kileo unaompata msafiri wa mara ya kwanza saa chache baada ya kung'oa nanga: mate yanajaa kinywani, jasho la baridi linamtoka shingoni, moyo unamchafuka, halafu zinafuata mbio ambazo hazimo katika ratiba ya siku. Kamusi zinauita jelezi. Watu wa pwani husema tu kwamba fulani amelewa bahari, na wenye meli huutaja kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizwa habari za deni. Nadai kwamba ulevi huu umeonewa. Katika likizo nzima ya melini ndio kitu cha pekee kinachotoka baharini kweli, kwa hiyo ndio unaompa mtu haki ya kusema, akirudi kwao, kwamba amesafiri baharini.

Anayeona nimetia chumvi na aitazame meli yenyewe. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii kutoka Miami mwezi Januari 2024, ina urefu wa mita 365, inachukua watu zaidi ya 7,000 ikijaa, na ndani yake kuna mabwawa saba, uwanja wa kuteleza juu ya barafu na bustani yenye mimea hai. Kati ya hivyo, kipi kinahitaji bahari? Vyote vingeweza kujengwa jangwani, na Dubai wamejenga vingi vya namna hiyo. Mtalii anaweza kumaliza wiki nzima bila kulowesha kidole katika maji ya chumvi, na akiwa amelipia chumba cha ndani kisicho na dirisha, hata kuyaona hatayaona mpaka apande juu. Macho yanaambiwa kwamba hii ni hoteli, nayo yanakubali. Ngozi inakubali pia, maana kiyoyozi kinafanya kazi. Kiungo kimoja tu kinakataa kudanganywa, nacho kiko ndani ya sikio: mzani mdogo unaopima kila mnyanyuko na kila mteremko. Jicho linasema ukuta umetulia. Sikio linasema tunapanda, sasa tunashuka. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa ni tumbo. Wataalamu waliopima jambo hili wamegundua kwamba mwendo unaolewesha kuliko yote ni ule wa kupanda na kushuka polepole, karibu mara moja kila sekunde tano, yaani pumzi ya bahari kubwa yenyewe.

Ushahidi kwamba shahidi ni sikio haukutoka kwa wavivu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jeshi la majini la Marekani na shirika la anga la NASA walianza kufanya majaribio na wanaume kumi na mmoja viziwi kutoka chuo cha Gallaudet, Washington. Karibu wote walipoteza usikivu wakiwa watoto kwa homa ya uti wa mgongo, ambayo iliharibu pia ule mzani wa ndani ya sikio. Walipandishwa chombo katika bahari iliyochafuka ya Nova Scotia ili watazamwe wanavyoumwa. Wao wakakaa wakicheza karata. Walioumwa ni watafiti, tena vibaya sana hata jaribio likakatizwa. Ukitaka kujua nani alikuwa baharini siku ile kwa maana kamili ya neno, jibu linapatikana kwenye ndoo.

Tena mlinzi huyu wa sikioni hafanyi ukorofi bure. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Michel Treisman alitoa hoja ambayo mpaka leo inajadiliwa: kwa maelfu ya vizazi, macho na mzani wa mwili vilipokosana, sababu ya kawaida ilikuwa sumu iliyoliwa, na dawa ya sumu ni kuitapika. Mwili haujui meli ya kitalii. Unajua uyoga mbaya. Kwa hiyo mgeni anayeinamia ndoo anahudumiwa na mtumishi mwaminifu kuliko wote waliomo melini, asiyengoja bakshishi. Na kwa mtu aliyekwisha rudi mara ya tatu kwenye meza ya kamba na nyama ya kuchoma, hata mimi nisingeulaumu ubongo wake kwa kushuku kwamba kuna njama.

Binadamu, badala ya kushukuru, ametumia fedha nyingi kumfukuza mtumishi huyu. Henry Bessemer, Mwingereza aliyetajirika kwa njia yake ya kutengeneza chuma cha pua, alikuwa mgonjwa mkubwa wa bahari, basi akaunda meli ya kuvuka baina ya Dover na Calais ambayo ukumbi wake mzima ulining'inizwa ili ubaki wima hata meli ikienda mrama. Aliwekwa mtu wa kutazama kipima usawa na kuurekebisha ukumbi kwa mitambo ya maji. Mwaka 1875 meli hiyo iliigonga gati ya Calais, wawekezaji wakakimbia, na miaka michache baadaye ikauzwa kama vyuma chakavu. Mwaka 1932 Waitaliano waliifungia meli yao Conte di Savoia magurudumu matatu makubwa yenye kuzunguka kwa kasi ili kuizuia isiyumbe. Leo kazi hiyo hufanywa na mapezi yanayochomoza ubavuni chini ya maji. Kisha ikaja dawa. Mwanamke mmoja huko Baltimore aliyekuwa akinywa vidonge vya kutibu mwasho wa ngozi aliona kwamba tramu imeacha kumchafua moyo. Vidonge vikajaribiwa kwa askari waliokuwa wakivuka Atlantiki, na matokeo yakachapishwa mwaka 1949. Vinafanya kazi, sikatai. Ila vinaleta usingizi, na hapo ndipo ninapouliza: mtu aliyelipa mshahara wa miezi kadhaa ili aione bahari, anapata nini akiivuka amelala fofofo?

Wenye meli wangepaswa kuwa wa mwisho kulalamika, kwa sababu biashara yao yenyewe ni mtoto wa ulevi huu. Albert Ballin wa Hamburg alikuwa na meli nzuri, Augusta Victoria, iliyokuwa ikikaa bure wakati wa baridi. Nani angetaka kuvuka Atlantiki ya Kaskazini mwezi Januari, dhoruba zikimrusha huku na huku? Abiria walikimbia, na mojawapo ya waliyokuwa wakiyakimbia tunalijua. Basi Januari 1891 Ballin akaigeuza meli kuelekea Mediterania, si kwa kumpeleka mtu popote, bali kwa kumtembeza na kumrudisha. Watu wa shirika lake walimwona ana wazimu. Safari ikafana, na ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa utalii wa meli kama tunavyoujua. Kama matumbo ya Wazungu yangekuwa ya chuma, meli ile ingeendelea kwenda New York na kurudi, na wapiga picha wa machweo wangetafuta kazi nyingine.

Na kumbukumbu je? Karibu robo karne kabla ya Ballin, mwaka 1867, meli iitwayo Quaker City iliondoka New York na kundi la wacha Mungu wenye fedha waliokuwa wakienda kutembelea Mediterania na Palestina. Mark Twain alikuwamo, na kitabu alichokitoa mwaka 1869 ndicho kumbukumbu mashuhuri kuliko zote za mtu aliyekwenda likizo ya meli kwa mara ya kwanza. Kabla hajafika kwenye makaburi na makanisa, anasimulia siku ya kwanza ya mawimbi: wazee wenye heshima wanatoka mlangoni mmoja baada ya mwingine, wanapepesuka, wanashika chochote, na yeye, ambaye tumbo lake lilitulia siku hiyo, anakiri kwamba hakuna kitu kinachomtia mtu majivuno kama hicho. Waliokwenda likizo hizi hivi karibuni nao husimulia vivyo hivyo. Ukiwauliza juu ya chakula cha jioni cha siku ya nne, vyakula vyote vimekwisha kuwa chakula kimoja. Waulize juu ya usiku ambao glasi zilitembea mezani, watakutajia saa.

Hapa najua atasimama mama wa Pemba na kunikata kauli. Yeye huvuka kutoka Unguja wakati wa kusi, mtoto mapajani, mfuko mkononi, ndimu puani, na mkondo wa Nungwi haumwombi ruhusa. Anakwenda msibani. Atauliza ni mtu gani mwenye akili anayeisifu hali ile. Ana haki, wala sina jibu la kumpa ila kukubali: sifa hizi si za boti yake. Kwake ulevi ni nauli ya pili juu ya ile aliyokwisha kulipa. Sifa zangu ni kwa yule aliyelipa asiende mahali, kwa maana meli ya kitalii mara nyingi humrudisha mtu kwenye gati ileile aliyoondokea. Mama wa Pemba anafika kwa hali yoyote. Mtalii, asipolewa, hana hata ushahidi kwamba aliondoka. Vivyo hivyo siwasemei wajawazito, wagonjwa na watoto, maana kutapika mfululizo hukausha mwili na hilo si jambo la mzaha. Hao wamwone daktari kabla ya safari.

Pingamizi lililo jepesi zaidi ni lile la mwenye kifua, kwamba kulewa bahari ni aibu ya washamba wa bara, si ya watu wa maji. Nelson, amirali aliyeshinda Trafalgar, aliingia jeshi la majini akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na mwaka 1804, mwaka mmoja kabla ya kufa vitani, bado alikuwa akiandika kwamba upepo ukivuma sana anaumwa. Ulevi huu haujali cheo. Wala haujali tiketi, au tuseme unaijali kwa namna inayopendeza: meli haiyumbi sana katikati yake, chini, karibu na maji, ambako vyumba ni vya bei ndogo, na huyumba zaidi juu kabisa na kwenye ncha zake. Mwenye fahari yake aliye katika vyumba vya sitaha za juu, dirisha ukuta mzima, amelipa ziada ili arushwe zaidi. Sijui serikali gani imewahi kutoza kodi ya haki kama hiyo.

La mwisho la kuusifia ni adabu yake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; huu kwa wasafiri wengi huondoka wenyewe siku ya pili au ya tatu, ubongo ukisha kuizoea lugha ya mawimbi, bila kungoja kufukuzwa. Na haumwachi mwenyeji wake mikono mitupu. Akishuka gatini, ardhi itaendelea kumyumbia kwa saa kadhaa, pengine siku nzima, na hiyo ndiyo zawadi ya safari ambayo afisa wa forodha hawezi kuifungua.

Kwa hiyo wewe unayepanga likizo yako ya kwanza ya melini, wakala akikuuliza unapenda chumba cha wapi, usikubali kile cha katikati. Sema unataka omoni. Ndimu unaweza kuichukua, na tangawizi pia, ambayo iliwahi kujaribiwa kwa wanafunzi wa jeshi la majini la Denmark na ikapunguza kutapika. Lakini viache mfukoni hadi siku ya pili.